Dogo alivyonionyesha kamera zangu mwenyewe

Ijumaa moja baada ya swala nilikuwa nimekaa barazani na kikombe cha kahawa, mtoto wa jirani akanisogezea simu yake. "Anko, hii si ya kwako?" Kwenye kioo palikuwa na ukurasa wa kuingilia DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera zangu. Jina ameshaandika: admin. Pasiwedi alikuwa anasubiri ruhusa, mtoto mwenye adabu zake. Nikamwambia haya, jaribu. Akabonyeza 12345. Sekunde mbili tatu, nikajiona ndani ya simu yake nimeshika kikombe, kipara kinang'aa.

Nilicheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka. Moyoni nilikuwa nahesabu watu.

Chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, mke wangu amefungua steshenari: fotokopi, kuprinti, laminesheni, picha za pasipoti. Mteja anakuja na faili kwenye simu, bando limeisha, anaomba waifai alitume kwa WhatsApp. Pasiwedi tuliiandika kwenye kipande cha boksi tukakibandika ukutani, juu ya mashine ya kopi. Miaka miwili imekaa pale. Kila aliyewahi kuprinti barua ya kazi kwetu alikuwa mtandao mmoja na DVR, printa, TV ya bi mkubwa, na laptopu yenye daftari la madeni ya duka. Dogo hakufanya uchawi. Alipakua Fing, programu ya bure inayoorodhesha vifaa vilivyo kwenye waifai, akaichukua anwani ya DVR, akaiandika kwenye brauza.

Jioni ile ile nilibadilisha 12345, na hilo naomba nilipite haraka kwa aibu. Lakini nyumba za Ngamiani mnazijua: baraza, ukumbi, vyumba huku na huku, mwisho uani. Mpita njia anaishia barazani. Anayeingia ukumbini ana sababu yake. Uani haendi mtu hivi hivi. Waifai yangu haikuwa na baraza. Ukishapita mlango wa mbele, umetokea jikoni, sufuria hizi hapa.

Nilianza na njia ya mkato. Nilikuwa na rauta ya zamani niliyoitundika ukumbini kama kituo cha waifai tu, waya wake umechomekwa kwenye boksi la kampuni ya intaneti. Ndani ya mipangilio yake kuna mtandao wa wageni. Nikauwasha, nikampa dogo pasiwedi mpya, nikamwambia tafuta. Akaipata DVR kabla sijakaa. Kumbe kwenye rauta nyingi za nyumbani kibandiko hicho cha "wageni" kinafanya kazi pale tu rauta yenyewe ndiyo inayogawa anwani na kuelekeza njia. Ukiigeuza kituo tu, inamchukua mgeni na kumtua kwenye waya ule ule wa wenyeji. Jina la waifai ni jipya, mkeka ni ule ule.

Ndipo nikanunua rauta ya MikroTik, hAP ax2, kadude kadogo chenye matundu matano ya waya na mipangilio mingi kuliko akili yangu ya wakati ule.

Dawa yake ni VLAN, yaani kuugawa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa iliyotengana ndani ya vifaa vile vile, na nitaieleza nilivyoielewa mimi. Kila fremu, yaani kifurushi cha data, inayoingia kwenye rauta huvishwa lebo ya baiti 4, na ndani ya lebo hiyo biti 12 ni namba ya mtandao. Ndiyo maana namba zinaishia 4094: jumla ni 4096, sifuri na ile ya mwisho zimewekwa kando. Mimi nilihitaji nne. Namba 10 nyumbani, 20 dukani, 30 kamera, 40 wageni. Na anwani nikazifananisha ili nisichanganyikiwe: kamera ni 192.168.30, wageni 192.168.40, hivyo hivyo. Kompyuta ya duka na DVR zenyewe hazijui habari za lebo. Fremu zake zinavishwa zikiingia tunduni na kuvuliwa zikitoka, kwa hiyo sikuhitaji kununua swichi ya bei mbaya. Tundu la 1 linakwenda kwa boksi la kampuni, la 2 duka, la 3 DVR, la 4 TV. La 5 nitalirudia.

Sasa kisa chenyewe. Kwenye MikroTik unapanga kila kitu kwanza, matundu na namba zake, halafu mwisho unawasha kitu kinaitwa "VLAN Filtering". Tiki moja tu. Niliiweka saa tatu usiku, Winbox, programu ninayoipangia rauta, ikaganda, kisha ikaniambia nimetoka. Nikajaribu kuingia kwa anwani, kimya. Kwa MAC, namba ya kiwandani ya kifaa, ambayo kwa kawaida hukubali hata kama anwani zimevurugika, kimya. Nilikuwa nimeyapa matundu yote namba zake na nikaisahau rauta yenyewe. Rauta nayo ni mwanachama. Kama bridji, daraja la ndani linalounganisha matundu na rauta yenyewe, haimo kwenye VLAN 10, basi wewe uliye VLAN 10 unaongea na ukuta. Nilijenga nyumba nzima nikajifungia nje, na ufunguo nimeuacha mezani.

Nikachomoa umeme, nikashikilia kitufe cha riseti huku nauchomeka tena, taa ikaanza kupepesa, nikaachia. Kazi ya saa mbili ikaenda. Mke wangu akauliza mbona intaneti hamna. Nikamwambia umeme mdogo. Mungu anisamehe.

Usiku wa pili nilikuja na akili mbili. Ya kwanza, kitufe cha "Safe Mode": ukikibonyeza kabla ya kugusa kitu, mabadiliko yako ni ya muda, na ukikatika rauta inayafuta yenyewe. Ila haiyafuti hapo hapo. Ukipotea ghafla inaweza kukungoja mpaka dakika 9 iamini kweli umeondoka. Nilijifungia nje tena, safari hii kwa sababu nyingine, nikaenda zangu jikoni kuchemsha chai, kurudi nikaikuta imejirudisha ilivyokuwa. Ya pili ni lile tundu la 5. Nililitoa kabisa kwenye bridji, nikalipa anwani yake peke yake, nikalizungushia mkanda mwekundu. Hata nikiharibu kila kitu, nachomeka laptopu pale, naandika anwani kwa mkono, naingia. Ningeanza na hilo ningelala mapema siku ya kwanza.

Mitandao minne ikasimama. Wa wageni nikauita Barazani. Simu yangu ikaungana, ikapata 192.168.40.254, halafu ikaandika "hakuna intaneti". Nikapiga ping, yaani kuigongea hodi anwani ya 8.8.8.8 huko kwenye intaneti, inajibu vizuri tu. Nikaandika jina la tovuti yoyote, hamna kitu. Ukiona hivyo, tatizo liko kwenye majina. Faiawoli, yule mlinzi wa mlangoni anayekuja na MikroTik, inakataa maombi yote kwenda kwa rauta yenyewe yasiyotoka kwenye orodha iitwayo LAN, na VLAN zangu mpya hazikuwemo. Anwani zilipita kwa sababu huduma ya kugawa anwani haipitii mlango huo. Maswali ya DNS, yale ya kugeuza jina la tovuti kuwa anwani, yalikuwa yanatupwa. Dawa ya kivivu ni kuwaingiza wageni kwenye LAN, na itafanya kazi. Pia itawafungulia ukurasa wa rauta. Mimi niliwaruhusu poti 53 tu, mlango wa maswali hayo, kwa njia zake zote mbili, UDP na TCP, basi.

Nikamwita dogo, kwa kujiamini. Akaungana na Barazani, akafungua Fing, akaona rauta na simu yangu, DVR haipo. Nikaanza kutabasamu. Yule mtoto akaniangalia, akauliza, "Kamera umezipa namba gani?" Nikamwambia, kwa ujinga, 192.168.30.10. Akaiandika kwenye brauza. Ukurasa ukafunguka.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho kwenye video zote nilizotazama kilipita juu kwa juu. VLAN inawatenga watu wasisikilizane kwenye waya mmoja. Lakini wote wana mlango kwa rauta, na kazi ya rauta ni kupokea kutoka mtandao huu na kupeleka ule. Usipoikataza itapeleka, tena kwa moyo mkunjufu. Kuta zipo, milango yote iko wazi. Nikaandika sheria mbili: majibu ya mazungumzo yaliyokwishaanza yapite, halafu kinachotoka VLAN yoyote kwenda popote pasipo upande wa intaneti, kitupwe. Katikati yake nikapachika ruhusa moja, nyumbani kwenda dukani, ili mke wangu aprinti akiwa chumbani. Mpangilio wa sheria ni muhimu: zinasomwa kutoka juu, na ruhusa ukiiweka chini ya ile ya kutupa ni kama hukuiandika.

Printa ilisumbua kidogo. Laptopu haikuiona tena, maana matangazo ya "mimi printa niko hapa" hayavuki mtandao. Nikaipa anwani isiyobadilika, nikaiongeza kwa mkono. Kamera nimezikatia intaneti kabisa, na baada ya umeme kukatika DVR ilianza kurekodi matukio ya mwaka 2000, hivyo ikabidi rauta iwe inaitajia saa. Kuzitazama kamera kwa simu ukiwa safarini kumekufa. Mke wangu hajafurahi na ana haki. Bado nalifanyia kazi.

Na wageni nao kwa wageni: VLAN haizuii simu ya mteja huyu kuigusa ya yule, wote wako 40. Kuna tiki nyingine ya kuwatenga wao kwa wao upande wa waifai. Iweke.

Kipande cha boksi ukutani tumekibadilisha, sasa kimeandikwa Barazani. Dogo amejaribu tena mara tatu, ameshindwa, siku hizi analalamika kasi ni ndogo. Juzi nimerudi kutoka sokoni nimekuta TV ya bi mkubwa inasema haina mtandao. Mtu kaihamishia kwenye tundu la 5. "Si ndilo lenye mkanda mwekundu," bi mkubwa akasema, "nikajua ndilo zuri."