Baba amenijibu kwa maneno yangu

Jumapili, alfajiri. Adhana imeshapita, umeme umerudi, feni imeanza tena kuzunguka. Naandika kabla haijanitoka.

Nilikuwa Magogoni nasubiri pantoni ya Kigamboni. Baba kasimama kando yangu na kapu la ngisi alionunua Feri, analalamikia bei. Baba ana mwaka na nusu kaburini, na hilo halikunishtua hata kidogo. Kilichonishtua ni daladala. Ubavuni iliandikwa Mbagala–Posta. Nikageuza macho, nikatazama tena, ikawa Mbagala–Unguja. Hapo nikajua: naota.

Hiyo ya kusoma mara mbili nimeifanyia mazoezi miezi miwili, kwenye mabango na risiti, maana ndotoni maandishi hayatulii. Kengele naitegea saa kumi usiku, kisha nalala tena, kwa kuwa usingizi wa ndoto, ule wa macho kuchezacheza chini ya kope, hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Humo misuli yote hulegea, isipokuwa ya macho na ya kupumua. Ndiyo maana mwaka 1975, kule Hull, Uingereza, mtafiti wa usingizi Keith Hearne aliweza kupokea ishara ya mtu aliyelala: Alan Worsley walikubaliana naye kwamba akijitambua ndotoni apeleke macho kushoto na kulia, na mashine ikainakili. Kila nikiikumbuka habari hiyo nasisimka. Mtu yuko usingizini, anabisha hodi kutoka ndani!

Nikasugua viganja ndoto isinivunjikie, nikauliza nililoshindwa kuuliza wodini: "Baba, uliondoka ukiwa radhi nami?"

Akasema, "Mengine tuyaache yalivyo, tusije tukakoroga."

Baba hakuwa mtu wa kusema hivyo. Yeye alikuwa akikupa ukweli wako mlangoni, hata hujavua viatu. Anayesema hivyo ni mimi, kazini na nyumbani, kila siku. Nimeamka mto umelowa machozi.

Nikiwa bado nimejilaza, dada akanijia akilini. Tangu arobaini ya Baba nimemnunia kwa kusema sikumuuguza mzee. Sauti yake naisikia kabisa. Leo nikajaribu kukumbuka alisema lini, tumekaa wapi, nani alikuwepo. Sikupata. Siku ile alisema, "Ulichelewa kufika," akaenda kugawa chai. Yaliyobaki nimeyatunga mwenyewe, nikiosha vyombo, nikiwa kwenye foleni ya pantoni.

Wanaochunguza ubongo wanasema sehemu ya mbele, ile inayohoji na kupima, hupunguza kazi tukiota, ndipo tunameza lolote. Sawa, hiyo ni ndotoni. Mimi niliyekuwa macho mwaka mzima nilikuwa na udhuru gani?

Saa kumi na mbili na robo nimempigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna, nataka tu kujua siku ile ya arobaini alikusudia kuniambia nini. Akakaa kimya kidogo.

"Ngoja nizime jiko," akasema.