Siku moja na hita ya maji ambayo kiwanda kimeacha kuiunda

Saa 1:30 asubuhi, Shangani, mjini Zanzibar. Nyumba ya wageni, hita ya lita 50 imening'inia bafuni. Jina la kiwanda limefutika, kibandiko kinasomeka nusu: volti 230, wati 1500. Mwenye nyumba ameshaambiwa na maduka mawili kuwa aina hii haitoki tena, anunue mpya. "Mwanangu, tangi halivuji hata tone. Nilitupe kwa sababu gani?"

Ana haki. Tangi likiwa zima, mara nyingi kinachotakiwa kubadilishwa ni vitu vinne: elementi inayopasha maji, themostati inayodhibiti joto, gasketi inayozuia kuvuja na fimbo ya magnesiamu. Vyote vinatafutwa kwa kipimo, wala si kwa jina la hita.

Nazima breka, nahakikisha kwa testa kuwa umeme umekatika, nafungua kifuniko cha chini. Kabla ya kumwaga maji, chomoa waya za elementi uipime kwa mita. Ya wati 1500 inatakiwa isome karibu omu 35, ya wati 2000 karibu 26. Hii haisomi kitu, imekatika ndani. Ingesoma 35 na maji bado ni baridi, ningeigeukia themostati, hasa kitufe cha usalama kilichoruka, yaani kile kinachokata umeme maji yakizidi moto. Kitufe kikiruka mara kwa mara, tafuta sababu. Usikikwepe kwa kuunganisha kipande cha waya, maana ndicho kinachozuia maji yasichemke ndani ya tangi lililofungwa, na tangi likifika huko linaweza kupasuka na kuua mtu.

Saa 2:30 nafunga koki ya maji baridi, nafungua bomba la moto, nainua kishikio cha valvu ya usalama. Ndoo tatu za lita 20 zinatosha. Bolti tano za flanji, yaani sahani inayobeba elementi, zimeshika kutu. Ukizilazimisha zinakatika kwenye tangi, na hapo hita imekufa kweli. Mafuta ya kulegeza kutu, subira ya dakika 20, kisha robo mzunguko mbele, robo nyuma.

Flanji inashuka na elementi iliyovaa ukoko mweupe, wenye vinundu kama tumbawe, mnene kuliko elementi yenyewe. Maji yetu ya visima yanapita kwenye mawe ya chokaa, na yakipashwa chokaa inaganda pale penye moto zaidi. Joto linakosa njia ya kutoka, waya wa ndani unaungua. Fimbo ya magnesiamu nayo imebaki uzi wa chuma wa katikati. Fimbo hii huliwa na kutu badala ya tangi, na penye maji ya chumvichumvi huliwa haraka zaidi. Itazame kila mwaka.

Sasa vipimo, na hapa sitaki haraka. Kipenyo cha flanji. Bolti ngapi, na umbali kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jirani yake. Urefu wa elementi na upande iliopindia. Kipenyo na kina cha kibomba cha themostati. Thredi (uzi wa skrubu) ya fimbo ya magnesiamu, ambayo hapa ni M5, yaani kipenyo cha milimita 5, ingawa zipo za M6 na M8. Kisha picha, flanji ikiwa pembeni ya rula.

Saa 4, madukani, Darajani hadi Mlandege.

"Sheikh, flanji ya bolti tano unayo?"

"Ya hita gani?"

"Nitazamie kwa kipimo hiki."

Themostati ya fimbo ya sentimita 27, amperi 16, ipo. Fimbo ya M5 ipo. Gasketi ipo, ya mpira unaostahimili maji ya moto. Ya kukata kwenye tyubu ya gari siitumii. Flanji yao ina bolti tano lakini matundu yamepishana na yangu kwa milimita 4. Kuyapanua hakufai, gasketi haitakaa.

Saa 5:30 niko kwa wauza chuma chakavu. Hita zilizotolewa mahotelini zinafika hapa matangi yametoboka na flanji ni nzima. Ya tatu inalingana, elementi inasoma omu 36. Lakini mega ya volti 500, kifaa cha kupima kama umeme unavuja, kati ya ncha ya elementi na ganda lake, inaonyesha megaomu 0.3 tu, nami sikubali chini ya 1. Wengi wangeitupa. Unga uliomo ndani ya elementi hunyonya unyevu ikikaa nje, hasa kwenye hewa yetu, na unyevu hukauka.

Basi baada ya sala ya adhuhuri flanji inaingia oveni ya jikoni kwa mwenye nyumba, bila plastiki wala gasketi, nyuzijoto 110, saa mbili. Saa 9:15 imepoa, mega inapita megaomu 20. Ingebaki chini ya 1, ningehesabu ganda lina ufa, na ufa hautibiki.

Saa 9:30 nakomba chokaa chini ya tangi, nasafisha ukingo wa gasketi kwa kijiti cha mbao, nakaza bolti kwa kuvuka, moja huku, nyingine ng'ambo. Waya wa ethi, wa kwenda ardhini, unarudi mahali pake. Maji yanajazwa mpaka bomba la moto litiririke bila kutema hewa, ndipo umeme. Elementi ikiwashwa kavu inaungua.

Saa 10:30 naiwasha. Amperi 6.4, kama inavyotakiwa kwa omu 36. Valvu inaanza kudondosha, mwenye nyumba anashtuka. "Ni maji yanatanuka, mama." Lita 50 zikipanda kutoka nyuzijoto 27 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya nusu lita, na lazima zipate pa kutokea, usizibe mdomo wa valvu.

Saa 11:50 themostati inakata, maji bombani nyuzijoto 59. Ndani ya kifuniko nabandika karatasi yenye vipimo vyote na tarehe, kwa fundi atakayekuja.