Nilivyousoma mkataba wetu kuanzia nyuma

Rasimu ya mkataba mpya wa pamoja kati ya sisi marubani na kampuni ilinifikia kwa simu saa mbili usiku, kurasa arobaini na kitu. Kabla sijaifungua, grupu ya marubani ilikuwa imeshawaka. Mtu alikuwa amekata ukurasa wa mishahara peke yake akaurusha pale. Nyongeza nzuri, siwezi kudanganya. Nilikuwa bado nalipa mkopo wa sacco niliochukua kusomea ndege ninayoirusha sasa, na mke wangu alipiga hesabu kabla sijavua viatu. "Baba Salma, pigeni kura ya ndiyo tupumue."

Siku tatu nzima nilikuwa mtu wa ndiyo.

Kilichonitoa huko ni logibuku, daftari ambamo rubani huandika saa alizorusha. Nilikuwa najaza safari za wiki, Mombasa kwenda Nairobi, Nairobi kurudi Mombasa, nikaona kurasa hazijai kama zamani. Nikahesabu: Machi ya mwaka jana saa 71, Machi ile 52. Sisi tuna mshahara wa msingi, kisha posho ya kila saa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama tena. Safari yetu ni ya saa moja hivi. Zikipunguzwa chache tu kwenye rosta, mfuko unajua mwezi huohuo.

Na abiria hawakupungua. Ukumbi wa uwanja wa Moi ulikuwa umejaa vilevile. Ila wengine walishika tiketi yenye namba yetu ya safari, wakapanda ndege ya wenzetu, shirika lingine tunaloshirikiana nalo, wakarushwa na marubani wa wenzetu.

Hiyo ndiyo kodisheya, na mimi siichukii. Mtalii hununua tiketi moja kutoka Ulaya mpaka Mombasa na begi lake linamfuata. Bila mpango huo hata sisi tungekosa wengi. Nilichotaka kujua ni nani atakayezirusha zile saa.

Basi nikaanza kuusoma mkataba kutoka nyuma, kwenye viambatisho ambavyo hakuna aliyevirusha kwenye grupu. Kifungu cha kodisheya kilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kampuni ina ruhusa ya kushirikiana kibiashara na mashirika mengine. Ya pili, kwa Kizungu cha mawakili, ilisema kampuni itajitahidi kadiri iwezavyo kulinda ajira zetu. Niliisoma mara nne nikitafuta mahali pa kushika. Hapakuwapo.

Jumapili nikavuka feri kwenda Likoni kwa mjomba, mstaafu wa bandarini. Nilimkuta barazani na kahawa chungu yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo ndege ya wenzenu yaja na rubani wake?"

"Ndiyo, mjomba."

"Sasa, mpwa wangu, wewe rubani mzima hujaona? Mwaka ule wa 2019 serikali ilipoamuru makontena ya bara yapande reli, meli hazikuacha kuja. Kontena lashuka Kilindini, lapanda treni, lenda zake. Dereva wa lori yuko Miritini atazama tu. Karatasi yasema Mombasa, kazi iko bara." Akanimiminia kikombe cha pili. "Usiulize mtalipwa ngapi. Uliza mtalipwa ngapi kwa saa ngapi."

(Amri ile ilizua maandamano, na Septemba 2022 shughuli za kutoa mizigo zikaamriwa zirudi Mombasa. Lakini aliyekuwa ameshauza lori lake, alikuwa ameshauza.)

Usiku ule sikuandika hotuba. Nilipiga picha kurasa mbili za logibuku, Machi na Machi, nikaziweka kwenye grupu. Nikachambwa vizuri. Wengine waliniuliza kama nataka tugome na kuishia mahakamani kama wenzetu wa Kenya Airways Novemba 2022. Kapteni mmoja wa miaka 63 akanijibu, "Kijana, rubani wa abiria mwisho wake ni 65. Wewe una miaka thelathini mbele, mimi miwili. Nataka changu sasa." Sikuwa na la kumwambia. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo.

Rafiki aliyesomea urubani Marekani ndiye aliyenipa njia. Kule, mikataba ya marubani wa mashirika makubwa huweka namba: ndege ndogo za kampuni nyingine zinazoruka kwa jina la shirika hazizidi viti 76. Namba unaweza kuipeleka mahakamani. Jitihada utaipimaje? Tukakaa wawili tukaandika sentensi moja: kodisheya ruksa, mradi saa tunazorusha sisi zisishuke chini ya za mwaka uliotangulia, zikishuka miezi mitatu mfululizo, hakuna rubani wa kupunguzwa na mazungumzo yafunguliwe. Tukampa mwakilishi wetu.

Kura ya hapana ilishinda kwa tofauti isiyofika kumi. Kisha ikaja miezi mitatu bila nyongeza, sacco ikikata kama kawaida, na mke wangu akinijibu "sawa" kwa kila kitu. Wanaojua ndoa wanaijua hiyo sawa.

Rasimu ya pili ilirudi na namba. Haikuwa yetu: waliandika asilimia 85 ya saa za mwaka uliotangulia, na nyongeza ikapunguzwa kidogo. Nilipiga ndiyo, ikapita. Tukasubiri tena isajiliwe na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, maana kisheria mkataba wa pamoja huanza kufanya kazi ukishasajiliwa, si siku ya kupeana mikono.

Sasa kila mwezi marubani hunitumia picha za logibuku, nami najumlisha kwenye jedwali. Mwezi uliopita tulikuwa asilimia 91. Za kwanza kuingia huwa za yule kapteni, tarehe mosi alfajiri, kabla sijaamka.