Siku Tuliyokatazwa Kuwalilia Watu Wetu

Mei 2019 nilihudhuria mkutano wa watu wa dini mbalimbali, na sidhani kama kuna aliyeingia ukumbini bila msiba. Machi 15 mtu mwenye bunduki alikuwa ameingia misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, wakati wa swala ya Ijumaa, na waliokufa wakawa 51. Aprili 21, Jumapili ya Pasaka, makanisa na hoteli za Sri Lanka zililipuliwa, zaidi ya watu 250 wakauawa. Haikupita wiki, sinagogi moja la Poway, California, likashambuliwa na mwanamke mmoja akapoteza maisha. Mimi nilialikwa kama Muislamu anayefundisha haki za binadamu, na hotuba niliyoiandaa ilianzia Christchurch na kuishia huko huko.

Asubuhi ya kwanza ilipita hivyo. Kila aliyesimama aliwalilia watu wake. Mkristo alizungumzia makanisa, Muislamu misikiti, Myahudi masinagogi. Yote yalikuwa kweli. Lakini kadiri saa zilivyokwenda, nilihisi ukumbi unazidi kuwa mgumu, kana kwamba tulikuwa tunadaiana. Watu walipiga makofi kwa watu wao na kuinamia simu zao kwa wengine.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama mtu mzima, hakimu mstaafu, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Mchana tuliporudi aliweka sharti. "Kuanzia sasa," alisema, "hakuna atakayesimulia mateso ya watu wake. Kila mmoja atasimulia yale ambayo wengine wametendewa na watu wa dini yake. Asiye tayari anyamaze, hatutamhesabia ubaya."

Kando yangu alikaa sheikh mmoja mzee, mwanachuoni ambaye maandiko yake nilikuwa nikiyasoma tangu ujana. Aliinua mkono kabla wengine hawajamaliza kunong'ona. "Mama, wauaji hao sisi hatuwatambui. Utatubebeshaje mzigo wa watu walioasi mafundisho yetu?"

"Sheikh wangu," akamjibu, "wao wanasema ni wa kwenu. Na aliyeuawa hakupata nafasi ya kuwauliza wewe uliyafundisha yapi."

Sheikh akaketi. Alinong'ona, "Mwanangu, haya ni makubwa," kisha akafungua daftari lake.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwanamke Mbudha, mtawa aliyenyoa nywele. Alizungumza kwa ufupi kuhusu Warohingya, Waislamu walio wachache nchini Myanmar: kwamba sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwaacha wengi wao bila nchi, kwamba mtawa mwenzake kwa jina Ashin Wirathu alihubiri chuki dhidi ya Waislamu akiwa amevaa vazi lile lile alilovaa yeye, na kwamba kuanzia Agosti 2017 jeshi lilipowafurusha, zaidi ya watu 700,000 walivuka kuingia Bangladesh. "Watu huniambia dini yangu ni ya amani," alisema. "Huwa nafurahi kusikia. Warohingya hawawezi kuniambia hivyo."

Baada yake alisimama padri mmoja aliyewahi kufanya kazi Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huyu alizungumza kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkatiza. Hakuficha kwamba waasi wa Seleka walioshika madaraka Machi 2013, wengi wao Waislamu, walikuwa wameua na kupora. Alilitaja hilo kwa sentensi moja tu, akaliacha, kwa sababu sharti lilikuwa sharti. Kisha akaeleza jinsi wanamgambo wa anti-balaka, wengi wao wakijiita Wakristo, walivyowageukia majirani Waislamu ambao hawakuwa na silaha wala uhusiano wowote na waasi. Aliona malori yamejaa familia zikikimbilia Chad. Samantha Power, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa wakati huo, alipozuru nchi hiyo mwaka 2015 alisema kwamba kati ya misikiti 436 iliyokuwepo, 417 ilikuwa imeharibiwa. Padri aliirudia idadi hiyo mara mbili.

"Wapo waliokuja kuungama kwangu," alisema, "na hawakuungama hilo. Hawakuliona kuwa ni dhambi."

Alimtaja pia askofu mkuu wake, Dieudonné Nzapalainga, aliyempokea Imamu Omar Kobine Layama na familia yake nyumbani kwake Desemba 2013, wakaishi hapo kwa miezi. Wawili hao, pamoja na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou, walizunguka nchi wakiwasihi watu waache kuuana. Mwenyekiti alimruhusu kuisimulia habari hiyo, ila padri mwenyewe ndiye aliyekataa kuifanya kuwa faraja. "Imamu mmoja alipata kitanda kwetu," alisema. "Maelfu walipata mapanga."

Nimehudhuria mikutano mingi ya aina hii, mingi ikiishia kwa picha ya pamoja, kanzu na majoho yamepangwa kwa rangi. Sikuwahi kumsikia kiongozi wa dini akisema namna ile mbele ya wageni.

Mzee mmoja asiye na dini aliuliza kama naye anahusika. Akaambiwa anahusika sana. Basi akasimulia habari za Albania, ambako serikali ya Enver Hoxha mwaka 1967 ilifunga misikiti, makanisa na nyumba nyingine za ibada zaidi ya 2,000, na ambako katiba ya mwaka 1976 ilitangaza kwamba dola haitambui dini yoyote. Watu walifungwa kwa kukutwa na kitabu cha dini. "Niliambiwa nikiwa kijana kwamba tukiiondoa dini tutakuwa tumeondoa ukatili," alisema. "Wale hawakumwogopa Mungu na hawakumhurumia mtu."

Zamu yangu ilifika. Hotuba ya Christchurch niliikunja nikaiweka mfukoni. Ningeweza kuzungumza juu ya Wayazidi, watu wa dini ndogo ya kale huko Sinjar, Iraq, waliouawa na kufanywa watumwa na kundi la Dola ya Kiislamu mwaka 2014, lakini kundi lile ni rahisi mno kulilaani, halina wa kulitetea. Nilichagua jambo lililo karibu zaidi na watu wanaoheshimika, yaani mabunge na mahakama.

Nilianza na Paris, Desemba 10, 1948, usiku ambao Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu. Nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, 8 zilijizuia. Saudi Arabia ilikuwa miongoni mwa zilizojizuia, na katika majadiliano mjumbe wake alikuwa ameipinga Ibara ya 18 kwa sababu inampa mtu haki ya kubadili dini. Aliyesimama kuitetea ibara hiyo kwa niaba ya Waislamu alikuwa Muhammad Zafrulla Khan, waziri wa mambo ya nje wa Pakistan, nchi iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Aliwasomea wajumbe maneno ya Qur'ani: anayetaka aamini, na anayetaka akufuru. Pakistan ikapiga kura ya ndiyo.

Wanafunzi wangu Waislamu wanapoisikia habari hiyo hujisikia vizuri, nami pia. Lakini haikuishia hapo. Zafrulla Khan alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo hujihesabu kuwa ya Kiislamu na humfuata Mirza Ghulam Ahmad, aliyejitangaza kuwa masihi, jambo ambalo Waislamu wengine hulikataa. Ndiye aliyewasilisha hoja za Waislamu mwaka 1947 mbele ya tume iliyochora mpaka wa India na Pakistan huko Punjab. Baadaye akawa rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Septemba 1974 bunge la nchi yake lilibadili katiba na kutangaza kwamba watu kama yeye si Waislamu. Mwaka 1984 amri ya Zia-ul-Haq, mtawala wa kijeshi wa Pakistan wakati huo, ikaongeza kifungo cha hadi miaka mitatu kwa Muahmadiyya atakayejiita Muislamu, atakayeita nyumba yake ya ibada msikiti au kuadhini. Zafrulla Khan alifariki Lahore mwaka uliofuata. Mwenzake wa jumuiya hiyo, Abdus Salam, aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alizikwa chini ya jiwe lililomtaja kuwa Muislamu wa kwanza kushinda tuzo hiyo. Neno Muislamu likafutwa kwenye jiwe.

Nilimtazama sheikh. Nilijua anavyowahesabu Waahmadiyya, na nilitaka asinielewe vibaya. "Sikuja kutetea itikadi yao," nilisema. "Mimi mwenyewe siamini wanavyoamini kuhusu Mirza Ghulam Ahmad, na mkitaka tujadiliane hilo tutajadiliana mpaka usiku. Ninachouliza ni polisi anatafuta nini katika mjadala huo."

Padri alikumbusha kwamba wiki hiyo hiyo Asia Bibi, mama Mkristo aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 2010 kwa tuhuma za kumkashifu Mtume, alikuwa ameondoka Pakistan kwenda Canada, baada ya Mahakama ya Juu ya Pakistan kumwachia huru Oktoba 2018. Akaongeza kwamba Salman Taseer, gavana wa Punjab aliyemtetea, alikuwa Muislamu, na aliuawa kwa risasi na mlinzi wake mwenyewe Januari 2011. Nilimshukuru. Sharti halikukataza kumsifia mtu wa mwenzako.

Kisha akasimama dada mmoja Mbahai, wa dini iliyozaliwa Iran karne ya 19, ambaye wazazi wake walitoka huko. "Mama mwenyekiti," alisema, "mimi nimekaa hapa nikitafuta. Dini yangu haijawahi kushika dola hata siku moja. Hatujawahi kuwa na jeshi wala gereza. Sina wa kumsimulia. Je, ninyamaze?"

Hapo sharti lilifika mwisho wake, na nadhani mwenyekiti alilijua hilo papo hapo, maana hakujibu haraka. Lilitungwa kwa ajili ya wenye nguvu. Zipo jamii duniani ambazo historia yao yote ni ya upande mmoja, na kuziambia zijihoji kama tunavyojihoji sisi ni dhuluma nyingine.

Aliyetuokoa alikuwa mhadhiri mmoja Mshia, mzaliwa wa Iran. "Kama dada ataniruhusu," alisema, "hayo ni yangu kuyasema." Dada akakubali kwa kichwa.

Alieleza kwamba baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 Wabahai zaidi ya 200 waliuawa. Juni 18, 1983, mjini Shiraz, wanawake kumi walinyongwa kwa usiku mmoja kwa kukataa kuikana imani yao. Mmoja wao, Mona Mahmudnizhad, alikuwa na miaka 17, na miongoni mwa makosa yake lilikuwa kuwafundisha watoto dini. Vyuo vikuu viliwafungia vijana wao milango, hivyo mwaka 1987 wakaanzisha chuo chao wenyewe, kikiendeshwa majumbani na kwa barua. "Mimi nilisoma katika chuo walichofungiwa," alisema. "Nilipata nafasi ambayo labda ilikuwa ya mmoja wao."

Dada alimuuliza swali moja tu. "Wakati ule ulijua?"

"Nilijua," akajibu. "Watu wote walijua."

Siku ya mwisho tuliandika tamko, na mkutano karibu uvunjike. Dada yule alitaka haki ya mtu kuiacha dini yake itajwe waziwazi, kama ilivyotajwa mwaka 1948. Sheikh alipinga. Alitaka tufuate Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1981 dhidi ya ubaguzi wa kidini, ambalo lilipitishwa bila kutaja kubadili dini, ili kuwakusanya wote. Hoja yake hasa haikuwa ya vitabu. Alisema amewaona watu wenye fedha wakija kwenye njaa na vita, unga mkono mmoja na dini mkono wa pili, na maskini akabadili dini ili watoto wale. "Huo nao mtauita uhuru?"

Lilikuwa swali la haki, na lilistahili jibu zuri kuliko lile alilopewa na mchungaji mmoja, kwamba misaada ni upendo. Mimi nilisema kwamba Mkataba wa mwaka 1966 wa Haki za Kiraia na Kisiasa, katika ibara yake ya 18, unakataza kumshurutisha mtu katika dini, na kwamba anayemnyima mwenye njaa chakula mpaka asilimu au abatizwe anamshurutisha kama anayemshikia panga. Nikapendekeza yote mawili yaandikwe: haki ya kuondoka, na marufuku ya kuinunua imani ya mwenye shida. Nikamwambia pia kile ninachokiamini mpaka leo, kwamba uhuru wa dini unaowahusu tu wale wanaobaki nasi hauna kazi, kwa sababu hao hatukuwa na nia ya kuwadhuru.

Aya zote mbili zilipita. Ile ya kukataza kununua imani ilikuwa kwa maneno ya sheikh mwenyewe, na haikubadilishwa hata herufi. Padri alitia saini, mtawa alitia, mhadhiri na dada walitia wakifuatana. Sheikh hakutia. Alinishika mkono akanieleza kwamba hawezi kuweka jina lake chini ya jambo ambalo hataweza kulitetea mbele ya wanafunzi wake, na kwamba angenidharau mimi kama ningefanya hivyo kwa ajili yake.

Tumeendelea kuandikiana. Anaposikia habari za mtu aliyefungwa kwa ajili ya imani yake, awe Mkristo wa Eritrea, Shahidi wa Yehova wa Urusi au Muahmadiyya, hunitumia, mara nyingine kabla mimi sijazisikia, na huniuliza ni mlango gani wa kubisha. Na karibu kila barua humalizia kwa kunikumbusha kwamba kuhusu aya ile ya kwanza bado hajaridhika, kisha ananipa hoja mpya.