Filamu ya Lamu ianzie masikioni

Filamu nyingi zinazopigwa Lamu hufunguka kwa picha ileile: droni inaelea juu ya mapaa ya makuti, jahazi linapita, udi na fidla vinalia taratibu. Inapendeza macho, lakini kama hadithi yenyewe ni ya kukimbizana na kuchekesha, mwanzo huo unamdanganya mtazamaji. Unamweka katika hali ya simanzi, halafu dakika ya nne mtu anatumbukia kwenye shogi, kikapu cha mizigo, la punda na hakuna anayecheka, kwa sababu hakuna aliyepewa ruhusa ya kucheka.

Ruhusa hiyo hutolewa na sauti, na inafaa itolewe kabla ya picha. Acha skrini nyeusi kwa sekunde sita hadi nane. Kwanza visikike vikombe vya muuza kahawa vikigonganishwa kwa mdundo usiobadilika. Kisha kwato. Kisha mtu anapaza sauti, "Simila! Simila!" Nyuma yake kandambili zinapiga mbio, zinakaribia. Vikombe vinanyamaza. Hapo ndipo ifunguliwe picha. Mtazamaji hajaona kitu, lakini keshajua uchochoro ni mwembamba, mzigo uko njiani, na mtu ana haraka kupita kiasi. Kule kunyamaza kwa vikombe ndiko kunakomchekesha mara ya kwanza.

Si mbinu mpya. Sergio Leone, mwongozaji filamu wa Italia, katika Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968, aliwaacha majambazi watatu wakisubiri treni huku tukisikia kinu cha upepo kinachokereza, tone la maji na nzi. Nzi yule anachekesha, na hofu haipungui hata kidogo. Nasi tuna vya kwetu vingi vya kusikiliza.

Kila sauti irekodiwe peke yake. Vikombe virekodiwe chumbani penye magodoro, maikrofoni ikiwa kama sentimita 30 kutoka mkononi. Kwato, kwa punda halisi anayetembea juu ya saruji, maikrofoni ikishikwa chini, mita moja kutoka njia yake. Punda asipopatikana, vifuu viwili vya nazi vinatosha. Kwa njia ya mchanga, vijaze kitambaa. Kinasa sauti kiweke kwenye kHz 48 na biti 24, kilele cha sauti kisizidi desibeli -12. Na katika kila mahali mnapopiga picha, rekodini dakika nzima ya utulivu bila mtu kusema neno. Dakika hiyo ndiyo itakayoziba mashimo wakati wa kuhariri. Ya asubuhi haifai kwa tukio la jioni, maana injini za boti hazilingani.

Adhana inahitaji heshima na mpango. Ikiingia katikati ya mazungumzo, kila ukikata picha inaruka maneno, na hakuna Mwislamu asiyeisikia hitilafu hiyo. Tazama ratiba ya sala, simamisha kazi, endelea baadaye. Kuibandika mwanzoni ili tu watu wajue tuko Lamu, halafu kuifuatishia mzaha, sikubaliani nako kabisa.

Upepo nao: msimu wa kusi ukivuma, sponji ya kawaida kwenye maikrofoni haifui dafu ufukoni. Ivishe maikrofoni koti la manyoya, geuza mgongo kwa bahari, na ukate sauti zilizo chini ya hezi 80.

Tukija kwenye mbio zenyewe, kosa kubwa ni kurekodi nyayo palepale vichochoroni. Kuta za mawe na chokaa ziko karibu mno, zinarudisha sauti, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Rekodi nyayo zikiwa kavu, yaani bila mwangwi, na mwangwi uuongeze baadaye, mfupi na mkali. Mwangwi mrefu wa ukumbi unaifanya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, isikike kama pango.

Mpe kila mkimbiaji viatu vyake. Anayekimbizwa kandambili, anayemkimbiza viatu vya ngozi. Hata gizani mtazamaji atajua nani yuko mbele. Tena kandambili zikikatika ukanda mmoja, mdundo unachechemea, na kicheko kinapatikana bila neno.

Vichekesho vya namna hii hujengwa kwa marudio. Mzee kakaa barazani na kikombe chake. Mkimbiaji anapita: "Shikamoo mzee!" "Marahaba." Anarudi kutoka upande mwingine: "Shikamoo!" "Marahaba." Mara ya tatu tunasikia kandambili tu, bado haonekani mtu, na mzee anatangulia: "Marahaba." Anayejitokeza kwenye kona ni mtoto mdogo, kavaa kandambili za mtu mzima. Usikimbilie kukata. Mwache mtoto aonekane kwa fremu 20 hivi, pungufu kidogo ya sekunde moja, kisha uso wa mzee kwa muda kama huo, bila muziki. Muziki wa kuchekesha ukiingia hapo unamwambia mtazamaji acheke, naye hukataa.

Anayeanguka apigwe picha pana, mwili mzima na ardhi vikionekana pamoja, bila kukata kati ya kuteleza na kufika chini. Mchekeshaji wa filamu bubu Buster Keaton, mwaka 1928, katika Steamboat Bill, Jr., aliangukiwa na ukuta mzima wa nyumba akapona kwa kuwa alisimama palipoangukia dirisha. Tukio zima liko katika picha moja pana, ndiyo maana tunaamini. Punda mwenye mzigo asikimbizwe kamwe. Mpige picha akitembea, mpige picha mchezaji akikimbia peke yake, na kwato za haraka zitoke kwenye vifuu.

Ngumi ina hesabu yake. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni sekunde 0.04, na sauti husafiri takriban mita 14 katika muda huo. Ndiyo maana masikio husamehe mlio uliochelewa fremu moja, lakini uliotangulia hugunduliwa upesi. Fremu 10 kabla ya pigo, shusha sauti za mazingira kwa desibeli 10 hivi. Usizifute kabisa, ukimya mtupu husikika kama spika imekufa.

Pigo lenyewe huwa na tabaka tatu za mlio: mzito wa chini (ngumi juu ya godoro), wa kati (taulo lililolowa likipigwa mezani), na mkali wa juu (karoti mbichi ikivunjwa). Kwa ngumi ya kuchekesha, punguza ule wa chini na uache taulo litawale, kwani uzito ndio unaoleta maumivu.

Kabla ya kuitoa filamu, isikilize kwenye spika ya simu, kwa kuwa wengi wataitazama humo, na spika hiyo haitoi karibu chochote cha chini. Ukisikia karoti peke yake, ongeza taulo kabla hujagusa kitufe cha sauti.