Gari la zamani: swichi ya siri isiyorukwa kwa waya mmoja

Gari la platini (viunganishi vidogo ndani ya distribyuta vinavyofunga na kukata umeme wa koili) huibwa kirahisi: mwizi huunga waya kutoka chanya ya betri hadi chanya ya koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche za injini. Kwa hiyo swichi inayokata umeme unaoingia koili haifai kitu. Waya ule ule unairuka.

Kilichotibu ni waya wa milimita 1.5 za mraba kutoka hasi ya koili, upande wa distribyuta, hadi swichi iliyofichwa, kisha kwenye bodi ya chuma ya gari. Swichi ikiwashwa, platini hufunguka lakini mkondo haukatiki, na cheche haitoki. Starta itazungusha bure. Chagua waya mweusi, uuzungushie tepu ya kitambaa pamoja na nyaya kuukuu. Waya unaong'aa humwonyesha mwizi njia. Usiache ufunguo wa gari ukiwa umewashwa, koili inaweza kuungua.

Kwa ignisheni ya elektroniki, isiyo na platini, tumia swichi kukata umeme wa pampu ya mafuta badala yake.