Datsun 240Z kazini kila siku: lita moja inanifikisha wapi

"Mkubwa, hii inakunywa ngapi?"

Swali hili huniwahi kabla sijazima injini, karibu kila kituo cha mafuta cha Barabara ya Mombasa. Mtu akiona boneti ndefu ya 240Z na kusikia silinda sita zinavyovuma, hukata shauri papo hapo kwamba mwenye gari ana kisima cha petroli nyumbani. Mimi naliendesha gari hili Syokimau hadi Westlands, Nairobi, na kurudi, siku za kazi, na kila lita naiandika daftarini. Kwenye msongamano napata kilomita 6.5 kwa lita. Kwenye barabara kuu, nikishikilia mwendo wa 90, napata 11. Wiki ya kawaida inatoka kwenye 8. Gari la mke wangu lenye injini ya 1500 linanishinda kwa mbali, hilo halina ubishi. Lakini 8 kwa gari la mbio lililoundwa mwaka 1972 ni namba ninayojivunia, kwa sababu nimeitafuta.

Kwa asiyelijua: 240Z ilitoka kiwandani Japani kuanzia mwishoni mwa mwaka 1969 hadi 1973. Injini yake ni L24, lita 2.4, silinda sita za mstari mmoja, kabureta mbili za Hitachi, yaani vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa. Hapa kwetu wazee wanalikumbuka kwa Safari Rally. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, ya 1800. Mpaka leo huwa nasimamishwa na mzee anayetaka tu kuligusa bawa la mbele na kunieleza alikuwa amesimama wapi magari yalipopita. Huwa simkatizi.

Turudi kwenye mafuta. Gari hili lina mambo mawili yanayolisaidia, na moja linaloliumiza. La kwanza ni uzito. Ni tani moja na kidogo tu, kwa hivyo injini haihangaiki kulivuta. La pili ni giya ya tano. Kwa mwendo wa 100 injini inazunguka mara 3,000 hivi kwa dakika, ambayo kwa L24 ni kama kutembea. Kinacholiumiza ni kwamba halina kompyuta. Gari la kisasa ukiliachia mteremkoni ukiwa kwenye giya, mfumo wake hukata petroli kabisa. Kabureta haikati. Nikiteremka na mguu uko juu, injini bado inafyonza. Na ukisimama juani baada ya mwendo mrefu, joto la injini hupanda hadi kwenye vibakuli vya kabureta, petroli ikafuka ikaenda hewani bila kukufikisha popote. Harufu yake utaisikia ukirudi garini.

Lakini hayo yote ni madogo ukilinganisha na jambo la mwinuko, na hapa ndipo nataka kukaa.

Gari hili nililinunua Mombasa, na miaka ya mwanzo nilikuwa nalo Nyali. Nilipohamishiwa Nairobi kikazi, matumizi yakaruka ghafla. Gari lile lile, mguu ule ule, lakini hata kilomita 6 kwa lita ikawa ni bahati. Plagi ukizifungua ni masizi matupu. Ekzosi inanuka petroli mbichi. Na kupanda kilima, gari lililokuwa likiniitikia mara moja likawa zito.

Sababu ni hii. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Kabureta haijui uzito wa hewa. Inachojua ni ujazo unaopita kooni mwake, na kwa ujazo huo inatoa petroli kama ilivyopangiwa. Ikiwa imepangwa pwani, ukiileta huku inatoa petroli kupita kiasi kwa hewa iliyopo. Ile ziada haiungui vizuri, inageuka masizi na moshi. Tena, kwa kuwa nguvu imepungua, wewe unaongeza kukanyaga, na unapoongeza kukanyaga unazidi kunywa.

Aliyenitengenezea ni fundi mzee mwenye gereji jirani na maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, pale ambapo wengi bado wanapaita Grogan. Nilidhani atakwenda moja kwa moja kwenye kabureta. Wapi! Alianza na nafasi za valvu, akaenda kwenye pointi za distributa, zile zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche, akapima taiming, yaani wakati cheche inapotoka, akanibadilishia plagi zote sita.

"Kabureta huguswa mwisho, kijana," aliniambia. "Ukianza nayo, utakuwa unaisingizia makosa ya wengine."

Ndipo akachukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele, akasikiliza mvumo wa hewa. Akahamia ya nyuma. Akakaza skrubu kidogo, akasikiliza tena. Alinipa nami nisikie: ya mbele ilikuwa na sauti ya juu kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Aliendelea hivyo mpaka sauti mbili zikawa moja. Kuna kifaa chenye kioo na kipimo kinachofanya kazi hiyo, yeye hana haja nacho.

Baada ya hapo ukaja mchanganyiko wenyewe wa petroli na hewa. Chini ya kila kabureta kuna kipini. Ukikisukuma, pistoni ya ndani ya kabureta inanyanyuka kidogo sana. Ukinyanyua na injini ikaongeza kasi ikabaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, petroli ni chache. Inayotakiwa ni ipande kidogo kisha itulie. Yetu ilipanda ikabaki huko huko. Akapandisha jeti, kitundu kinachotoa petroli, nusu mzunguko ili petroli ipungue, akajaribu. Akaongeza kidogo tena. Akafanya hivyo hivyo kwenye ya pili, kwa kiasi kile kile. Mwisho akafungua vifuniko vya juu vya kabureta, akaongeza mafuta mepesi kwenye vijiti vya ndani, kwa sababu vikikauka pistoni inaruka kwa pupa na gari linasita ukikanyaga ghafla.

Baada ya wiki tulifungua plagi: kahawia nyororo, zote sita. Na daftari likasema 8.

Sasa nikishuka Mombasa kwa likizo, huwa nasimama Voi, nasubiri injini ipoe, nashusha jeti zote mbili kwa kipimo kile kile kilichopandishwa, ili petroli iongezeke. Wenzangu wananiuliza kwa nini nisiache tu, si itapunguza kunywa? Itapunguza, ndiyo. Lakini petroli ikiwa chache kuliko hewa, injini ikiwa na mzigo na jua la pwani, joto linapanda mpaka pistoni na valvu zinaungua. Kuokoa lita mbili tatu kwa kuhatarisha injini ambayo vipuri vyake vinaagizwa Japani ni hesabu mbovu. Tangi ni la lita 60, safari ni kilomita 480 hivi, nafika bila kuongeza.

Kuhusu upimaji, usiiamini geji ya tangi, hata kidogo. Ninajaza mpaka shingoni, pampu ile ile, gari likiwa limekaa sawa, na najaza taratibu kwa sababu tangi hili hupenda kurudisha petroli likijazwa kwa kasi. Tena angalia tairi. Langu sasa linavaa 195/70, ambazo kipenyo chake ni kidogo kuliko zile 175 za asili, kwa hivyo mita inahesabu kilomita zaidi ya zile nilizokwenda, karibu asilimia 2. Namba zote nilizoandika hapa nimeshazipunguza kwa kuzilinganisha na simu.

Kuna pia wanaoniuliza kama Nairobi Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, inaokoa mafuta. Inaokoa sana. Juu kule napata zaidi ya 10, chini asubuhi napata 6.5, na tofauti kwa safari moja ni lita moja na nusu hivi. Bei ya lita hiyo na nusu haifikii ushuru wa barabara. Hata hivyo siku za joto na foleni ndefu napita juu, kwa ajili ya klachi na kwa ajili ya sindano ya joto ambayo sipendi kuiona ikipanda.

Kazi iliyobaki ni pointi za distributa. Zinalika, mwanya unabadilika, na taiming inahama polepole bila wewe kutambua. Nikichelewa kuzikagua, nusu kilomita kwa lita inapotea. Fundi amekubali tuzitoe tuweke mfumo wa elektroniki unaoingia ndani ya distributa ile ile, ili nje gari libaki lilivyo. Ukishafungwa nitaendesha mwezi mzima bila kugusa kitu kingine, ndipo niandike tena namba.